Kambi ya Minecraft ya watu sita, tujenge wapi na tuanze na nini?

MwanaWaMabatini

Wakuu habari za jioni, mie humu nasomaga tu na kupita ila leo imebidi niulize. Tupo sita, wote wa huku Mwanza isipokuwa dada mmoja yupo Ukerewe, tunacheza Minecraft kwenye simu, ile gemu ya kuchimba na kujenga kwa bloku, tumechangishana tukalipia seva ndogo ili isiwe kila siku tunamsubiri mwenye dunia yake aingie ndo na sisi tuingie. Seva haina shida. Shida ni kambi.

Kambi ya kwanza tulijenga tambarare kando ya mto kwasababu ndo tuliposhikwa na giza siku ya kwanza, tukachimba shimo tukalala, asubuhi kila mtu akainua kibanda chake pale alipo. Kimoja kimeangalia mtoni, kingine kimekipa mgongo, masanduku kila kona. Yani ukitaka chuma unafungua masanduku kumi na moja (nimehesabu) na hilo la kumi na moja ndo lina chuma, kimechanganyika na mbegu na nyama ya zombi. Shamba la ngano lipo ng'ambo, bloku kama 150 hivi kutoka nyumbani, na ngano haikui, siku tatu ipo vilevile tu kijani. Usiku zombi wa majini wanapanda kutoka mtoni na mikuki yao wanatusalimia mlangoni.

Halafu juzi mwenzetu akaamua sebule iwe na sehemu ya kuotea moto kama kwenye muvi, akaweka jiwe la netharaki, lile ukiliwasha halizimiki lenyewe, akaliwasha, nyumba yenyewe ya mbao juu mpaka chini. Mie narudi machimboni nakuta sebule hamna. Umebaki mlango umesimama peke yake na ule moto unaendelea kuwaka kama haujafanya kitu.

Sasa tumekubaliana kuhama. Mimi nataka kilima cha mawe kipo karibu na hapo, wawili wanataka tubaki chini tujenge upya kwa mpangilio, na mmoja simtaji kwasababu yupo humu humu, anataka tuanze na daraja la Kigongo–Busisi, lile refu la ziwani huku kwetu. Naombeni ushauri wakuu, wapi na tuanze na nini.

NipoKamanga

Ngoja waje.

FundiMaweni

Kijana mie ni fundi wa nyumba za kweli, msingi wa mawe ndo ugali wangu, hiyo gemu nimefundishwa na mwanangu wa darasa la sita na sa hivi ananiita nimsaidie kuliko anavyoniita kwenye hesabu. Ngoja nikwambie kitu nilichokiona kazini.

Kuna bwana alinipa kazi juu kabisa ya kilima, kiwanja kizuri, ziwa lote unaliona. Kachora nyumba, kachora baraza, kachora hadi pa kuweka tanki. Nikamuuliza, mzigo unashukia wapi? Akaniangalia tu. Gari inaishia chini barabarani, kutoka pale mpaka kiwanjani ni ngazi za mawe kona kona, tofali zinapanda kichwani, simenti inapanda begani, maji yanapanda kwa ndoo, na wabebaji wanalipwa kwa tofali. Hela ya kupandisha ikakaribia hela ya kununulia. Na hatukuwa na sehemu moja chini ya kupangia mzigo, kwahiyo leo kokoto zimemwagwa kwa jirani, kesho nondo zipo kwa mama ntilie.

Nyie sita mmefanya hivyo hivyo. Mmeanza na vyumba vya kulala. Acheni vyumba, jengeni MWALO kwanza, yani sehemu ya kushushia mzigo. Nenda pale Mwaloni Kirumba asubuhi uangalie, mtumbwi ukifika mzigo unamwagwa pale pale, unachambuliwa pale pale, dagaa kwa dagaa sato kwa sato, hamna mtu anapandisha gunia ambalo hajalichambua mpaka kwake. Kambi nayo iwe na sehemu moja ambayo kila mtu akirudi lazima apite, awe ametoka machimboni, shambani, au kwenye potali ya Netha, ile dunia ya moto ya kwenye gemu. Hapo ndo stoo, hapo ndo matanuri ya kuyeyushia chuma, hapo ndo meza ya kutengenezea vitu. Begi lako lina nafasi 36, limejaa mawe na takataka, umwage hapo hapo ndo upande kulala ukiwa mwepesi.

Wapi? Chini ya kilima, pale mlima unapoanza. Stoo ipo usawa wa ardhi, nyumba zinapanda juu yake kidogo kidogo. Kwahiyo wote mmeshinda, wa tambarare wana mwalo, wewe una kilima chako.

Na huyo wa moto, jamani Mwanza hii na joto lote hili anaotea nini? Mwambie aweke ule moto wa kambi wa kuni, wenyewe hausambai kwenye mbao. Wa netharaki unarukia mbao yoyote iliyo jirani.

BusisiBoy

Nimeshajua mimi ndo ninayesemwa hapo juu. Wakuu daraja ni muhimu, shamba lipo ng'ambo, tutavukaje? Na lile la kweli lilivyofunguliwa Juni 2025 nyie wenyewe mlikuwa mnapiga picha juu yake. Kivuko mnakikumbuka lakini, mlivyokuwa mnapanga foleni na jua lile.

FundiMaweni

BusisiBoy sikatai daraja mdogo wangu. Ila piga hesabu. Lile lina kilomita 3 hivi, kwenye gemu bloku moja ni mita moja, kwahiyo unahitaji bloku 3000 kwa mstari mmoja tu wa upana wa mtu mmoja, hujaweka nguzo wala ukingo. Staki moja ni bloku 64, kwahiyo hizo ni karibu staki 47 za mawe. Sanduku kubwa linabeba staki 54. Sasa hilo sanduku unaliweka wapi kama hamna stoo? Si utamwaga kwa jirani kama kokoto zangu.

BusisiBoy

Sawa mkuu umenimaliza. Baadaye basi.

dada_Pipa

Mwenye uzi, ngano haikui kwasababu hamna mtu karibu nayo, sio mbolea wala maji. Seva ya toleo la simu kwa kawaida imewekwa chanki 4 za kufanya kazi kuzunguka kila mchezaji, chanki moja ni bloku 16 kwahiyo ni kama bloku 64 tu. Zaidi ya hapo dunia imesimama, ngano haikui, tanuri haliyeyushi. Nyie mpo nyumbani bloku 150 kutoka shambani, mkienda mnalikuta mlivyoliacha, mnaangalia dakika mbili mnaondoka, linasimama tena. Mwenye seva anaweza akaipandisha hiyo namba ila seva ndogo itaanza kuhema. Hamisheni shamba, lipakane na mwalo wa fundi. Chimbeni bloku moja ya maji katikati, limeni 9 kwa 9 kuizunguka, maji yanafika bloku nne kila upande, mnapata miche 80 kwa tone moja la maji. Watu sita mashamba mawili ya hivyo yanawatosha kabisa mkate.

Kuhusu stoo sasa hapa ndo nina uchungu. Tumieni MAPIPA sio masanduku. Pipa linabeba nafasi 27 kama sanduku dogo, ila sanduku likiwa na bloku juu yake halifunguki na pipa linafunguka, kwahiyo unaweza ukayapanga ukuta mzima sakafu mpaka dari bila kuacha uwazi. Na kwa simu zetu hizi za bei ya kawaida, masanduku mengi sehemu moja yanaivuta simu, unageuka kuangalia stoo picha inaganda, mapipa simu inayachukulia kama bloku ya kawaida tu. Mimi nilihamisha stoo yetu yote kwa usiku mmoja bando ikaniishia katikati, nikarudi kesho nakuta wenzangu wanafikiri nimeiba.

Ambayo inanileta kwenye la pili. Wekeni vibao. Sio "vitu vya muhimu", kila mtu umuhimu wake tofauti. Andikeni MAWE, MBAO, CHUMA, CHAKULA, MAPAMBO, na pipa moja chafu mlangoni liandikwe SIJUI, mtu mwenye haraka atupe humo. Bila hilo pipa la SIJUI mtu mvivu atatupa mbegu kwenye chuma, nawajua. Na mali ya mtu binafsi isikae stoo. Mkishapata obsidiani nane na jicho moja la enda tengenezeni lile sanduku la enda, kila mtu akilifungua anaona vyake tu, hata mkilitumia moja wote sita. Almasi zikae humo. Urafiki mwingi umevunjika kwa almasi tatu.

LaptopYaNyegezi

Dada hapo juu kaongea. Naongezea tu, mimi nipo Java, lile toleo la kompyuta, kwenye laptop, huku paka akikaa juu ya sanduku halifunguki mpaka anyanyuke, nimeshawahi kusimama namsubiri paka kama nasubiri daladala. Mapipa oyee.

SaaNaneUsiku

Mimi napingana na kilima jamani, samahani mwenye uzi. Mnaongea kama watu wa kompyuta. Kwenye simu, kidole kimoja kinatembea kingine kinaangalia, ukutane na kona ya jiwe usiku, unateleza. Ukidondoka bloku tatu huumii ila kuanzia hapo kila bloku inakula maisha, bloku 23 hata kama umejaa umekufa, na mzigo wako umesambaa bondeni gizani. Sisi tulijenga juu kabisa kwenye theluji tukajiona wajanja, tukakuta kuna mbuzi. Wale mbuzi wa mlimani wanakutazama, wanarudi nyuma kidogo, wanakuja. Mwenzetu alisukumwa na mbuzi na mguu wa almasi mguuni, buti, namaanisha buti za almasi, hatukuzipata mpaka leo.

Tambarare unaona mbali, unajenga haraka, unapanua utakavyo.

MwanaWaMabatini

Aisee mbuzi 😂 sikuwaza kabisa. Ila SaaNane mie nimekulia Mabatini, ngazi nimepanda tangu natambaa, siogopi kilima. Swali langu kwa fundi, unajengaje kwenye mawe bila kuyasawazisha? Wenzangu wanasema tulipue kilele chote kiwe bapa ndo tujenge.

FundiMaweni

SaaNaneUsiku ana hoja, asipuuzwe. Juu kwenye theluji msiende, kaeni kiunoni mwa kilima. Halafu njia zote zijengwe kwa zile bloku za ngazi, sio kurukaruka bloku kwa bloku, ukitembea kwenye ngazi huruki na ukiruka ndo unachoka njaa haraka. Upana bloku tatu, ukingo upande wa bonde, na kila baada ya ngazi kama kumi weka kibaraza cha kupumzikia na kugeukia, njia iende kushoto irudi kulia. Ndo ngazi za huku kwetu zilivyo, hamna mtu mwenye akili alipandisha ngazi moja kwa moja kama bomba.

Kulipua kilele ni kazi ya bure. Huku kwetu jiwe dogo tunalichoma moto juu yake mpaka lipasuke kisha nyundo, lakini likiwa kubwa kama nyumba tunaliacha, tunalifanya ukuta. Mjomba wangu Igogo jiko lake lina kuta tatu za tofali, ya nne ni jiwe lenyewe. Sufuria zimetundikwa kwenye misumari upande huu, upande ule jiwe limekaa tu limenyamaza, mvua za masika zikikolea linatoa jasho, maji yanachirizika mstari mmoja mwembamba mpaka kwenye kamfereji alikochonga mwenyewe kwa patasi yanatoka nje. Miaka yote hiyo halijawahi kuomba rangi.

Na nyie fanyeni hivyo. Tafuteni jiwe limejitokeza, chimbeni kidogo nyuma kwa sururu, mbele ongezeni kuta tatu. Nyumba ya kila mtu itakuwa na sura yake bila kugombana nani kachora vizuri. Nusu ya nyumba kashajenga Mungu.

Pimbi26

Naona watu wa Mwanza mmejaa humu, mwangaluka. Mimi nachangia rangi tu kwasababu nimeona watu wanakosea. Mkitaka kilima kifanane na cha kwetu msitumie graniti ya kwenye gemu. Najua mawe yetu ni graniti kweli, ila ile ya kwenye gemu ni ya pinki pinki kama nyama. Changanyeni jiwe la kawaida, andesaiti na tafu, zote za kijivu, halafu teremsheni mistari ya jiwe jeusi kutoka juu kwenda chini kama pale maji ya mvua yanapopita siku zote. Kona zifute, mawe ya Mwanza hayana kona, yanaonekana kama mtu aliyafinyanga.

Halafu jengeni Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa Mwanza, mbele ya mwalo, majini. Mawe kwenye gemu hayadondoki, kinachodondoka ni mchanga na kokoto, kwahiyo unaweza ukaliegemeza lile la juu kwenye kasehemu kadogo tu likakaa. Mtu akirudi kwa mtumbwi akiliona anajua nimefika nyumbani.

Pimbi hawapo kwenye gemu, nimeshasikitika vya kutosha.

MwanaWaMabatini

Wakuu mmetisha. La mwisho, mwanga na kripa, wale wanaokusogelea kimya kimya wakalipuka. Kule chini tochi tuliweka nyingi mpaka ikawa kama sherehe na bado kripa walitokea. Kwenye mawe itakuwaje na vichochoro vyote vile?

dada_Pipa

Tochi nyingi sehemu moja hazisaidii, zisambazeni. Tangu toleo la 1.18, lile la mwisho wa 2021, mazombi na kripa wanazaliwa penye giza totoro tu, mwanga sifuri. Tochi inaanza na mwanga 14 na inapungua mmoja kila bloku, kwahiyo kwenye njia iliyonyooka inakulinda bloku 13 kila upande. Shida ya mawe ni kivuli, mwanga lazima uzunguke jiwe, nyuma yake kunakuwa na kapango kadogo na humo ndo anazaliwa. Kila mwanya kati ya jiwe na jiwe, ama uzibe ama uweke tochi. Pita mwenyewe usiku na simu ukiongeza mwanga wa skrini, utaona.

Na fugeni paka. Kripa anamkimbia paka. Nendeni kijijini mkiwa na samaki mbichi, mkae kimya msimkimbilie, mmlishe mpaka atoe mioyo.

NipoKamanga

Samaki gani dada, sato anakula?

dada_Pipa

Sato hamna mle, anakula samaki wa kizungu, kodi (cod) na samoni, paka wa kizungu.

NipoKamanga

Basi sitaki.

LaptopYaNyegezi

Kitu kimoja hamjakisema, watu wanapotea. Washeni namba za mahali kwenye mpangilio wa dunia, halafu juu ya mwalo wekeni ule moto wa kambi na chini yake robota la majani makavu. Moshi unapanda bloku 24 badala ya 10. Mchana unauona kabla hujaona nyumba.

MwanaWaMabatini

Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita. Umeme ulikatika siku tatu katikati ndo maana nimechelewa, simu tulikuwa tunachajia kwa jamaa mwenye sola.

Mwalo ndo tulianza nao, ukuta mmoja wa mapipa 30, vibao vyote na pipa la SIJUI. Dada yetu ulisema kweli, pipa la SIJUI ndo linajaa kuliko yote, kila Jumapili tunalichambua kwa zamu na kuna mtu anaweka humo maua tu, hatujamjua. Chuma sa hivi nakipata nimefumba macho. Shamba lipo nyuma ya mwalo, siku ya pili tu ngano ikawa ya njano, yule wa Ukerewe alipiga simu usiku saa tano kuniambia ngano imeiva kana kwamba ni ya kweli.

Ngazi zimepanda kwa kona kama fundi alivyosema. Nyumba nne zimekamilika, yangu ukuta wa nyuma ni jiwe, nimechonga na kamfereji ka maji bloku moja kwa heshima ya mjomba wa Igogo. Kulipua hatukulipua kitu. Kripa mmoja alitoka kwenye mwanya nyuma ya nyumba ya tatu, ilikuwa kosa langu, niliuona ule mwanya nikasema kesho. Paka wapo wawili.

Moshi nao umefanya kazi, kuna mwenzetu alikuwa hajawahi kurudi nyumbani bila kupigiwa simu, juzi karudi mwenyewe kwa mtumbwi jioni, akaandika kwenye chati "nauona moshi" tukashangilia wote.

Ugomvi umebaki mmoja, BusisiBoy kajenga nyumba yake peke yake juu kabisa, ina vioo, kaweka kibao mlangoni CAPRI POINT, kama ule mtaa wa kishua wa Mwanza, na sisi wa chini anatuita uswahilini. Tumfanyeje?

SaaNaneUsiku

Juu kabisa umesema? Kuna theluji?

MwanaWaMabatini

Ipo kidogo.

SaaNaneUsiku

Basi msimfanye kitu, mbuzi wanakuja.